Wafu si mabao: Kolwezi ya 1978 na hesabu za vita vya mashariki

Tunawaandikia ninyi wa makanisa ya mashariki kutoka Kolwezi, mji wa shaba na kobalti, mbali na mabomu yanayowaangukia. Hatuwezi kuwafundisha ninyi vita ni nini. Lakini kuna jambo moja ambalo mji wetu ulijifunza kwa machungu, na tunaona limesahaulika hata katika uwanja wa kanisa.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, wababa na vijana husimama chini ya mti na simu mikononi. Mmoja anasoma ujumbe ulioingia usiku: huko Masisi adui amepoteza watu mia tatu, sisi kumi na wawili tu. Mwingine anasoma ujumbe kutoka upande wa pili, na ndani yake namba zimegeuzwa. Mabishano yanaanza kama siku ya Mazembe na Lupopo: nani anaongoza, nani amelala, zimebaki dakika ngapi. Juma moja mama mmoja aliyekimbia kutoka Kivu, ambaye sasa anauza makala karibu na soko, alisimama akawasikiliza. Kaka yake aliuawa na risasi iliyopita ukuta wa nyumba. Aliwauliza: "Na kaka yangu mmemuweka upande gani?" Hakuna aliyemjibu.

Swali hilo ndilo limetufanya tuandike. Je, tukilinganisha wafu wa upande huu na wa upande ule, tunajua kweli vita vinakwenda wapi? Sisi wa Lualaba tunayo sababu ya kujibu, maana tulihesabiwa mara mbili.

Ushindi wa 1977

Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji wa FNLC waliingia kutoka Angola. Shina lao lilikuwa majandarume wa zamani wa Katanga waliokimbilia huko baada ya kushindwa miaka ya sitini. Walichukua Dilolo, Kisenge, Kapanga, kisha Mutshatsha, karibu bila kupigana, kwa sababu askari wa Zaire walikimbia. Mwezi wa nne Moroko ilileta askari 1,500 hivi kwa ndege za Ufaransa. Kufikia mwisho wa mwezi wa tano FNLC walikuwa wamerudi Angola, na Mobutu akasherehekea.

Kwa kipimo cha maiti, vile vilikuwa vita vidogo. Waliokufa wakipigana walikuwa wachache, na adui alikuwa ameondoka. Lakini ndani ya hesabu hiyo hakukuwa na maelfu ya wanavijiji wa upande wa Dilolo na Kapanga waliovuka mpaka kwa kuwaogopa askari wa serikali waliorudi na kiu ya kisasi. Familia ya Methodisti inakumbuka pia Kapanga ilipoteza daktari wake mmisionari katika miezi hiyo. Hesabu ilisema ushindi. Huko Angola, katika kambi za wakimbizi, kulikuwa na vijana wapya wenye hasira ambao FNLC ingeweza kuwaita.

Wakaitwa. Tarehe 13 Mei 1978, mwaka mmoja tu baada ya ule ushindi, FNLC walirudi. Safari hii walipita kwa Zambia, na hawakupoteza muda vijijini. Alfajiri ya siku hiyo walikuwa ndani ya Kolwezi yenyewe.

Kolwezi ilivyohesabiwa

Wazee wetu wanasimulia siku hizo kwa sauti ya chini. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi kwa karibu juma moja. Wazungu wa Gécamines na familia zao waliuawa ndani ya nyumba zao. Katika nyumba moja ya mtaa wa P2 zilikutwa maiti zaidi ya thelathini chumba kimoja. Weusi waliuawa barabarani, siti ya Manika na kwingineko: wengine na waasi, wengine na askari wa Mobutu, wengine na risasi ambazo hazikumlenga mtu. Tarehe 19 Mei askari wa Ufaransa wa Légion étrangère, wakiongozwa na Kanali Philippe Erulin, walirushwa kwa miavuli. Siku iliyofuata walifika Wabelgiji. Wazungu zaidi ya 2,000 walitolewa mjini.

Kisha zikaja namba. Askari wa Légion waliokufa: 5. Wapiganaji wa FNLC waliouawa, kwa hesabu ya Wafaransa wenyewe: karibu 250. Ni mmoja kwa hamsini. Kama vita vingepimwa kwa mizani ya wafu, kusingekuwa na mabishano tena.

Sasa tazameni hesabu ya raia. Kwa Wazungu, vitabu vinataja kati ya 120 na 170. Tofauti hiyo ilichunguzwa na kubishaniwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jina, pasipoti, mwajiri, na ndugu huko Ubelgiji au Ufaransa waliopiga simu kuuliza. Kwa weusi, namba inayorudiwa mara nyingi ni 700 hivi, na wengine huitaja ndogo zaidi. Ni namba ya mviringo. Neno "hivi" limebeba ndani yake watu ambao hakuna ofisi iliyowaulizia mmoja mmoja. Na maiti ya kijana mweusi asiye na kitambulisho huingia kwa urahisi katika safu ya "waasi", hasa pale ambapo mkubwa fulani anataka safu hiyo irefuke.

Kwa hiyo somo la kwanza la Kolwezi ni hili: namba ya wafu inatuambia habari za anayehesabu kabla ya kutuambia habari za vita. Inatuambia nani alikuwa na mtu wa kumuulizia.

Somo la pili ni lile la mwaka wa 1977, na lilithibitika tena. Hata hesabu ya mmoja kwa hamsini haikufunga mlango wa vita. Mlango ulifungwa mezani. Mwezi wa nane 1978 Rais Agostinho Neto wa Angola alikuja Kinshasa, na mwezi wa kumi Mobutu akaenda Luanda. Walipatana kwamba Zaire itaacha kuwasaidia wapinzani wa Neto, na Angola itawazuia FNLC. Mobutu alikuwa ametangaza msamaha, na wakimbizi wengi walirudi. FNLC hawakuja tena kuishambulia Kolwezi. Hatusemi Mobutu alikuwa mtu wa amani. Tunasema tu kwamba kilichobadilisha mambo mpakani kilikuwa makubaliano na njia ya watu kurudi nyumbani, na hakuna safu ya maiti iliyoweza kufanya kazi hiyo.

Namba za Goma

Tulipokuwa tukifuatilia habari zenu mwanzoni mwa 2025, tuliona jambo hilo hilo. M23 waliingia Goma tarehe 27 Januari. Siku chache baadaye Umoja wa Mataifa, kwa kutumia habari za OMS na washirika wake, ulisema watu wasiopungua 700 waliuawa na 2,800 walijeruhiwa kati ya tarehe 26 na 30. Kisha ikatajwa 900, yaani maiti zilizokuwa zimefika hospitalini na katika vyumba vya maiti. Tarehe 5 Februari naibu mkuu wa MONUSCO, Vivian van de Perre, alisema wasiopungua 2,900: wale 900, pamoja na wengine 2,000 waliokuwa wamezikwa. Tarehe 24 Februari Waziri Mkuu Judith Suminwa, akizungumza Geneva, alitaja wafu zaidi ya 7,000 mashariki tangu Januari, kati yao 3,000 Goma, na miili zaidi ya 2,500 iliyozikwa bila kutambuliwa.

Mtu akiziweka namba hizo kwenye mstari, 700, 900, 2,900, atasema mapigano ya Goma yalizidi kuwaka juma baada ya juma. Ninyi mliokuwa huko mnajua kwamba baada ya siku zile za kwanza milio ya risasi mjini ilipungua sana. Kilichoongezeka ni kazi ya waliokusanya miili, waliochimba makaburi na walioandika. Wafu walikuwa wamekwisha kufa. Hesabu ndiyo ilikuwa inawafikia pole pole.

Na ndani ya 2,900 kuna nani? Askari wa FARDC, wazalendo, wapiganaji wa M23, mwanafunzi, mama aliyetoka kutafuta maji. Namba haisemi. Ndiyo maana kila upande unaweza kuichukua na kuivalisha nguo zake. Majeshi nayo yana desturi ya zamani: hutangaza wafu wa adui, huficha wafu wake. Anayelinganisha matangazo mawili ya namna hiyo analinganisha uongo wawili.

Wamarekani walipita njia hiyo Vietnam. Jenerali William Westmoreland, na Robert McNamara aliyekuwa waziri wa ulinzi, walitaka kujua kama wanasonga mbele katika vita visivyo na mstari wa mbele. Wakachagua kuhesabu maiti za adui. Maofisa wakajua kwamba watapimwa kwa namba hiyo, na namba ikapanda. Mkulima aliyeuawa shambani akawa mpiganaji katika ripoti. Kwenye karatasi Marekani iliongoza hadi mwisho: ilipoteza askari 58,000 na zaidi, na Wavietinamu waliokufa walikuwa wengi mara nyingi zaidi ya hao. Tarehe 30 Aprili 1975 Saigon ilianguka, na hesabu haikuwa imemwonya mtu.

Wasioingia katika safu yoyote

Kuna namba nyingine mnayoisikia katika kila mkutano: milioni 5.4. Ilitoka katika utafiti wa shirika la IRC uliotangazwa Januari 2008, kuhusu miaka ya 1998 hadi 2007. Watu wengi huisema kana kwamba ni watu waliopigwa risasi. Sivyo. Sehemu kubwa sana walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, na karibu nusu walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Wala hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja. Watafiti waliuliza familia walizozichagua sehemu mbalimbali, wakapata kiwango cha vifo, wakatoa kiwango ambacho kingetarajiwa bila vita, kisha wakazidisha kwa idadi ya watu. Kama kiwango cha kawaida walichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Wataalamu wengine wakajibu kwamba nchi yetu ilikuwa imekwisha kuporomoka kabla ya vita, hospitali hazina dawa, kwa hiyo vifo vyake vya kawaida vilikuwa juu ya wastani huo. Wataalamu wawili wa Ubelgiji, wakihesabu kwa njia nyingine na kwa miaka isiyolingana kabisa, walipata kama 200,000. Kati ya namba hizo mbili kuna mara ishirini na saba. Nchi ambayo sensa yake ya mwisho ni ya 1984 haina msingi imara wa kumaliza ubishi huo.

Asitokee mtu akasema basi hakuna kilichotokea. Hata namba iliyo ndogo ni mji mzima wa watu. Tunachotaka mkione ni kingine: mtoto aliyekufa kwa kuhara porini, wazazi wake wakikimbia, haingii katika safu ya upande wowote. Hakuna jemadari atakayejisifu kwamba alimuua, na hakuna atakayekiri. Katika mashindano ya maiti hayupo, ingawa vita ndivyo vilivyomwondoa karibu na kituo cha afya.

Hata sisi tunalo jambo letu hapa, na tunalitaja kwa aibu. Miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Walilala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi kwa majuma na miezi, wakingoja mabehewa. Wengi waliokufa pale, na wengi wao watoto, walikufa kwa magonjwa na njaa. Hakukuwa na vita vilivyotangazwa, kwa hiyo hakukuwa na ubao wa kuandika matokeo. Lakini waliofariki walikuwa waimbaji wa kwaya zetu na watoto wa shule zetu za siku ya Mungu.

Yoabu alihesabu

Biblia inajua hesabu ya namna hii. Katika 2 Samweli sura ya 2, watu wa Daudi na watu wa nyumba ya Sauli wanakutana kwenye birika la Gibeoni. Jioni Yoabu anakusanya watu wake na kuhesabu: wamekosekana kumi na tisa, na Asaheli ndugu yake. Upande wa Abneri wamekufa mia tatu na sitini. Ni mmoja kwa kumi na nane. Vijana wetu wa chini ya mti wangeshangilia.

Endeleeni kusoma. Sura ya 3 inaanza kwa kusema vita kati ya nyumba hizo mbili vilikuwa virefu. Wale mia tatu na sitini hawakuvimaliza. Na katika wale ishirini wa Yoabu, mmoja alitosha kuwasha moto mwingine: kwa ajili ya damu ya Asaheli, Yoabu alimuua Abneri langoni mwa Hebroni, wakati ule ule Abneri alipokuwa akileta mapatano.

Ni kitu gani kilibadilisha nchi? Daudi alitembea nyuma ya jeneza la Abneri, jemadari wa adui, akalia kaburini kwa sauti, akakataa kula mpaka jua lilipokuchwa. Watu wote waliona, wakajua kwamba mauaji yale hayakutoka kwa mfalme. Miaka haikuwa mingi, wazee wa makabila wakaja Hebroni wakafanya naye agano. Njia ya agano ilipita kwenye kaburi la mtu wa upande wa pili.

Tunajua mtatujibu nini. Mtasema: karatasi tumeziona. Ni kweli. Kongo na Rwanda walisaini Washington tarehe 27 Juni 2025. Serikali na AFC/M23 walisaini tamko la kanuni Doha tarehe 19 Julai. Mwezi huo huo wa saba, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema M23 waliua raia wasiopungua 319 katika vijiji vya Rutshuru kati ya tarehe 9 na 21, jambo ambalo M23 walilikana. Sahihi peke yake haizuii panga. Na mfano huo unatuonyesha pia kwamba kuhesabu kuna kazi yake halali: bila orodha, mauaji ya Rutshuru yangebaki uvumi, na siku ya hukumu ya haki kusingekuwa na cha kuonyesha. Kuhesabu ili kuomboleza na kudai haki ni kazi ya kanisa. Kuhesabu ili kushangilia hatuwezi kukufanya na bado tukakaribia meza ya Bwana.

Tupime kwa kipi?

Mtu akituuliza vita vinakwendaje, tunapendekeza tuache namba za usiku na tuulize maswali ambayo kila mshiriki anaweza kuyajibu kwa macho yake. Je, wamama wa kijiji fulani wamerudi kulima, na wamevuna wenyewe? Shule imefunguliwa kwa majuma mangapi mfululizo? Kituo cha afya kina dawa ya malaria? Vizuizi vya barabarani kati ya shamba na soko ni vingapi, na kila kimoja kinatoza kiasi gani? Waliokimbia wanarudi kwa hiari au wanasukumwa? Vijana wetu wanaitwa kwenye kazi au kwenye bunduki? Rais aliwaita vijana wajiunge na jeshi katika hotuba yake ya usiku wa tarehe 29 Januari 2025, na wengine wa hapa kwetu waliuliza wachungaji ushauri. Kijana wa namna hiyo anastahili kujibiwa kwa ukweli zaidi ya ubao wa mabao.

Viongozi wa ECC na wa CENCO, walipoleta mpango wao wa mapatano ya kijamii mwanzoni mwa 2025 na kwenda Goma mwezi wa pili kuzungumza na AFC/M23, walisemwa vibaya na wengi. Tuliosoma habari za Hebroni hatukushangaa.

Mwisho, tunawaletea jambo dogo la kufanya. Makanisa yetu yanajua kuandika: tuna vitabu vya ubatizo, vya ndoa, vya washiriki. Baadhi yetu hapa tumeanza kitabu kimoja cha marehemu wa vita, kwa ajili ya familia zilizokimbilia Kolwezi. Kina jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, siku na mahali alipofia, na jina la anayemkumbuka. Aliyekufa kwa risasi anaandikwa, aliyekufa kwa kuhara njiani anaandikwa, na mwanajeshi pia. Kinafungwa ndani ya sanduku la kanisa, maana majina hayo yanaweza kuwahatarisha walio hai, na hakisomwi hadharani bila ruhusa ya familia. Ninyi mliobaki huko mkiweza kufanya hivyo kwa usalama, fanyeni; kama si salama, hifadhini majina katika vichwa vya wazee wawili au watatu mpaka siku itakapofika.

Tulipofungua ukurasa wa kwanza tulimwita yule mama anayeuza makala. Alitaja jina la kaka yake pole pole ili tusikosee herufi. Kitabu hakina safu ya "upande".